Taa za Chumba cha Sinema Nyumbani: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mtu anayelalamikia taa za chumba chake cha sinema kwa kawaida hulalamikia kitu anachokiona kwenye skrini, wala si taa yenyewe. Atasema picha imepauka, au macho yanamuuma, au kuna mwanga unaochezacheza pembeni, kisha atakwenda kununua taa nyingine kabla hajajua mwanga unaomsumbua unatoka wapi na unagonga nini njiani. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, na karibu kila mara swali linalofaa ni lilelile: mwanga huu, ukishatoka kwenye balbu, unaishia wapi?

Kabla ya kugusa chochote, subiri usiku, zima kila taa, ziba madirisha, kisha keti kwenye kiti unachokitumia kutazamia filamu na uweke picha yenye sehemu nyeusi kabisa na sehemu nyeupe. Kaa hapo dakika kumi hivi, kwa kuwa jicho lililotoka kwenye mwanga halioni vizuri gizani papo hapo. Seli zinazoona rangi huhitaji kama dakika 10 kuzoea, na zile za mwanga hafifu huhitaji dakika 20 hadi 30. Kisha mtu mwingine awashe taa moja, uangalie kilichobadilika kwenye skrini, aizime, awashe ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Andika kila unachokiona. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inachosha, lakini ndiyo inayotenganisha tatizo la taa na tatizo la projekta, la rangi ya ukuta au la waya.

Nyeusi inaonekana kijivu

Hili ndilo lalamiko kubwa kwa wenye projekta, na halitatuliki bila kukumbuka kwamba projekta haina uwezo wa kutoa weusi. Inachoweza ni kuacha kupeleka mwanga mahali fulani. Weusi unaouona ni skrini yenyewe, ambayo mara nyingi ni nyeupe, ikiwa haijaangazwa. Mwanga wowote mwingine ukiifikia, sehemu iliyotakiwa kuwa nyeusi inakuwa na rangi ya skrini iliyoangazwa kidogo, yaani kijivu.

Hesabu yake ni fupi. Kiwango kinacholengwa katika kumbi za sinema za kidijitali ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba (kipimo cha ung'avu wa skrini), na kwa skrini ya kawaida isiyokuza mwanga hiyo ni sawa na kuangaza skrini kwa takriban luksi 150 (luksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu). Ikiwa taa za chumba zinarusha luksi 1 tu kwenye skrini hiyo, nyeupe inakuwa luksi 151 na nyeusi haiwezi kushuka chini ya luksi 1, hivyo tofauti kati yake ni kama 150 kwa 1. Zikirusha luksi 10, tofauti inaporomoka hadi 16 kwa 1. Ukiwasha taa za kawaida zinazoleta luksi 50 kwenye skrini, unabaki na 4 kwa 1, na hapo hata projekta ya gharama kubwa itatoa picha iliyopauka kama nguo iliyoanikwa juani miezi mitatu. Kununua projekta yenye lumeni maradufu, yaani inayotoa mwanga mara mbili, kunainua nyeupe tu, ilhali luksi 10 zinazoharibu nyeusi zinabaki palepale.

Kwa hiyo chunguza kwanza taa za kuzama darini zilizo karibu na ukuta wa skrini. Taa yenye mwale mpana iliyowekwa chini ya mita moja kutoka ukuta huo karibu hakika itamwaga mwanga kwenye skrini, hata ikielekezwa chini kabisa. Suluhisho ni kuipa swichi yake ili izimwe wakati wa filamu, au kuibadilisha na taa yenye mwale mwembamba, wa nyuzi 24 au chini yake, ambayo balbu yake imezama ndani ya kikombe cheusi ili isionekane kutoka pembeni. Taa za ukutani zinazorusha mwanga juu nazo huangaza dari, na dari nyeupe hugeuka kuwa taa moja kubwa juu ya kichwa cha kila mtu. Ukiipenda taa ya aina hiyo, chagua inayorusha mwanga chini tu, na uiweke nyuma ya mstari wa viti.

Ikiwa taa zote zimezimwa na nyeusi bado ni kijivu, mara nyingi mwanga unatoka kwenye skrini yenyewe. Picha angavu huangaza dari, kuta na sakafu, navyo vinarudisha sehemu ya mwanga huo kwenye skrini. Rangi nyeupe ya ukutani hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, wakati rangi nyeusi isiyong'aa hurudisha chini ya asilimia 10. Jaribio lake ni rahisi na linashangaza: weka picha iliyogawanyika nusu nyeupe na nusu nyeusi, kisha mwombe mtu atandaze shuka jeusi mbele ya ukuta wa upande ulio karibu na skrini huku wewe ukiikazia macho ile nusu nyeusi. Nimeona nusu nyeusi ikizama kwa namna ambayo mwenye chumba alidhani nimebonyeza rimoti. Baada ya hapo mjadala wa rangi ya ukuta huisha wenyewe. Si lazima chumba kizima kiwe cheusi. Mita moja na nusu au mbili za dari na kuta zilizo jirani na skrini ndizo zenye athari kubwa zaidi, na dari itangulie.

Mchana, angalia mapazia. Kitambaa kizito hakisaidii ikiwa mwanga unapita juu ya bomba la pazia na pembeni mwa kitambaa. Pazia linalozidi fremu ya dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, pamoja na boksi la kuziba juu, huzuia mwanga kuliko pazia zito mara mbili linaloishia ukingoni mwa dirisha.

Taa inajiona ndani ya televisheni

Kwenye televisheni tatizo hubadilika sura. Paneli inatoa mwanga wake, na weusi wake haupauki upesi, ila uso wake huakisi kama kioo. Unapoona duara la taa katikati ya tukio la usiku, usikisie ni taa ipi. Shika kioo kidogo, kibandike bapa juu ya skrini mahali pale duara lilipo, kisha rudi kwenye kiti chako na utazame ndani ya kioo: utaiona taa yenyewe, kwa kuwa mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia. Ukishaijua, sogeza taa, iwekee kivuli, au inamisha televisheni kwa nyuzi mbili au tatu. Mara nyingi mwinamo huo mdogo unatosha kabisa, na haugharimu kitu.

Usisahau kwamba kinachoakisiwa si taa tu. Dirisha, fremu ya picha yenye kioo na hata shati jeupe la mtu aliyeketi chini ya taa vitaonekana.

Macho yanachoka, kichwa kinauma

Kinyume cha wengi wanavyodhani, chanzo cha kawaida hapa ni upungufu wa mwanga. Televisheni angavu katika giza totoro humlazimisha mtazamaji kuhama mara kwa mara kati ya mng'ao mkali na weusi mtupu, na mboni hufunguka na kufunga usiku kucha. Tiba ni mwanga hafifu nyuma ya televisheni, unaoangaza ukuta bila balbu yoyote kuonekana kutoka kwenye kiti.

Wengi hununua mkanda wa LED wa rangi nyingi, wakaweka buluu au zambarau, kisha wakalalamika kwamba nyuso za waigizaji zimekuwa za manjano. Nyuso hazikubadilika, jicho ndilo lililozoea buluu na kuanza kuzisoma rangi nyingine kwa kulinganisha nayo. Mwanga wa nyuma ya televisheni unapaswa kuwa mweupe wa kelvini 6500 (kipimo cha jinsi weupe unavyoelekea manjano au buluu), ambao ndio weupe unaotumika kutengenezea picha za video, wenye alama ya uaminifu wa rangi (CRI) ya 90 au zaidi, na ukuta wenyewe uwe mweupe au wa kijivu kisichoegemea rangi yoyote. Ukuta wa rangi ya machungwa utaugeuza mwanga wowote kuwa wa machungwa. Kuhusu ukali, kwa picha ya kawaida lenga mwanga wa ukuta usiozidi sehemu moja kwa kumi ya nyeupe ya televisheni. Kwa picha za HDR, yaani zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, pendekezo la BT.2100 la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) lililotolewa mwaka 2016 linataja mandharinyuma ya kandela 5 kwa mita ya mraba. Bila kipimo, punguza hadi uanze kuusahau kwamba upo.

Mwanga huu wa nyuma haufai kwa projekta. Utairudishia skrini luksi zilezile ulizokuwa ukizifukuza katika sehemu ya kwanza.

Taa inapepesa au inavuma unapoipunguza

Swichi ya kupunguzia mwanga, ambayo mafundi huiita dima, ndiyo inayobeba lawama nyingi zaidi, na mara nyingi balbu na dima zote mbili ni nzima ila hazipatani. Dima nyingi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za waya unaowaka. Hukata mwanzo wa kila wimbi la umeme, na zinahitaji mzigo wa chini ili zifanye kazi kwa utulivu, kwa mfano wati 40. Ukiondoa balbu nne za wati 60 na kuweka nne za LED za wati 5, dima iliyokuwa ikibeba wati 240 sasa inabeba wati 20, na haijui tena iwake au izime. Matokeo yake ni kupepesa, mlio wa kuvuma, au taa inayofifia vizuri hadi nusu kisha inazimika ghafla.

Fuata mpangilio huu. Soma kwanza maandishi ya balbu yenyewe. Isiyoandikwa kwamba inaweza kupunguzwa mwanga haitatulia kwenye dima yoyote, na kuendelea kuilazimisha kunafupisha maisha yake. Ikiwa inaruhusu, angalia kama dima imetengenezwa kwa LED. Zinazokata mwisho wa wimbi kwa kawaida hupatana zaidi na LED na hutoa kelele kidogo. Ikiwa zote mbili ni sahihi na bado taa inapepesa ikiwa chini kabisa, tafuta kwenye dima kijiskrubu au mpangilio wa kiwango cha chini. Kikiinuliwa kidogo, dima itaishia pale ambapo balbu bado inatulia. Usichanganye balbu za aina tofauti kwenye dima moja, kwa maana kila moja ina kikomo chake na zitazimika kwa zamu.

Kuna kupepesa kusikoonekana moja kwa moja. Taa nyingi hucheza mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, au mara 120 kwenye wa hezi 60, na baadhi ya mikanda ya LED hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka. Unapogeuza macho upesi unaona vidoa vilivyopangana badala ya mstari. Elekeza kamera ya simu kwenye taa ukiiweka kwenye mwendo wa polepole. Michirizi myeusi inayopita kwenye picha ndiyo ushahidi. Dawa ni kubadilisha kiendeshi cha taa (kifaa kinachoilisha umeme), si mkanda.

Lakini ikiwa unachokiona ni mimeto ya nyekundu, kijani na buluu kwenye kingo za vitu vyeupe vinavyotembea, acha taa zako kwa amani. Huo ni upinde wa rangi unaotokana na gurudumu la rangi ndani ya projekta zenye chipu moja ya DLP (chipu ya vioo vidogo sana inayotengeneza picha), na hakuna balbu itakayouondoa.

Jambo jingine ambalo watu hulidhania kuwa hitilafu: balbu ya zamani ilipopunguzwa iligeuka ya dhahabu, ila LED ya kawaida hubaki na rangi yake na kuonekana ya kijivu na baridi inapofifia. Haijaharibika. Zipo LED zilizotengenezwa ziwe na joto la rangi linaloshuka pamoja na mwanga, na kwa chumba cha sinema ningezichagua hizo kwa taa za ukutani.

Taa haizimiki kabisa

Swichi imezimwa, filamu imeanza, na balbu ya LED darini ina mng'ao mfifu, au inametameta kila baada ya sekunde kadhaa. Mara nyingi swichi ina kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, na mkondo mdogo wa kitaa hicho hupita ndani ya balbu, ukajaza kapasita yake (kijifaa kinachohifadhi umeme) kidogo kidogo hadi imulike. Chanzo kingine ni waya mrefu uliolazwa sambamba na waya wenye umeme. Fundi anaweza kuondoa kitaa au kuweka kapasita maalumu sambamba na taa.

Chanzo cha tatu si cha kuvumiliwa hata usiku mmoja: swichi iliyofungwa kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Taa inaonekana imezimwa ilhali kishikio chake bado kina umeme. Zima swichi kuu na umwite fundi aliyeidhinishwa. Kazi hii si ya kujifunzia.

Mkanda wa LED ni angavu mwanzoni na hafifu mwishoni

Mkanda wa volti 12 unaotumia wati 14.4 kwa mita, ukiwa na urefu wa mita 5, unavuta wati 72, yaani ampea 6, kupitia utepe mwembamba wa shaba. Volti hupungua njiani, na mita ya mwisho hupata kilichobaki; kwenye mikanda ya rangi, weupe huelekea kugeuka wekundu kwa sababu chipu za buluu na kijani hudai volti zaidi. Peleka umeme kutoka ncha zote mbili, au tumia mkanda wa volti 24. Kwa wati zilezile ampea zinakuwa 3, na upotevu kama sehemu ya volti zote hushuka hadi robo. Kigeuza umeme kiwe na akiba ya asilimia 20 au zaidi, hivyo kwa wati 72 chagua cha wati 90 au 100.

Vidoa vya mwanga vinavyoonekana ukutani au kwenye sakafu inayong'aa huondolewa kwa reli ya alumini yenye kifuniko cha maziwa, ambayo pia hupoza mkanda.

Ama giza totoro, ama mwanga wa mchana

Hili ni kosa la mpango, na ni ghali kulirekebisha baada ya dari kufungwa. Taa zote ziko kwenye swichi moja, basi anayetaka maji katikati ya filamu anawapofusha wenzake. Ikiwa chumba bado hakijapigwa lipu, tenga angalau saketi nne, yaani njia za umeme zinazojitegemea: taa za darini nyuma ya viti, taa zilizo karibu na skrini, taa za ukutani, na taa za njia na ngazi. Ikiwa dari imeshafungwa, balbu zinazotii amri bila waya ndizo njia iliyobaki, na zinafanya kazi vizuri mradi swichi ya ukutani isizimwe.

Taa za ngazi zinastahili uangalifu zaidi ya zinavyopewa. Zinatakiwa kuangaza mahali mguu unapokanyaga na si jicho la mtu aliyeketi, kwa hiyo ziwekwe chini, zifunikwe kwa juu, na ziwe za rangi ya kaharabu, ambayo haiondoi mazoea ya giza upesi kama nyeupe au buluu. Keti kwenye kila kiti, hasa vya mbele, kabla fundi hajakaza skrubu. Taa isiyoonekana kutoka safu ya nyuma huweza kumchoma macho mtu wa safu ya chini.

Dalili ndogondogo

Picha ya televisheni inafifia kila unapopunguza taa: kihisi mwanga cha televisheni kinafanya kazi yake, kizime kwenye menyu. Rimoti haisikii taa fulani ikiwaka: baadhi ya taa hutoa kelele ya infraredi (mwanga usioonekana ambao rimoti hutumia) inayovuruga kipokezi, jaribu kuizima, kisha ihamishe au ibadilishe. Spika zinavuma dima ikiwa katikati na kunyamaza ikiwa imefunguliwa kabisa: dima inachafua umeme, basi tenga saketi ya amplifaya, na nyaya za sauti zisitembee sambamba na za umeme, zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba. Vitaa vya buluu vya vifaa chini ya skrini huzibwa na kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme.

Mkoromo unaokuja na besi

Kwangu mimi hii ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Kila mara sabufa (spika ya besi) ilipofika noti fulani nzito, kulisikika mkoromo mwembamba kama wa nzi ndani ya kopo, na kwa jioni tatu niliilaumu spika ya kushoto. Mwishowe nilicheza mlio mmoja usiokatika, nikaupandisha polepole kutoka hezi 20 hadi 80 huku nikigusa kwa kidole kila kitu kimoja kimoja. Mlio ulikuja karibu na hezi 40, na ulikatika nilipogusa pete ya chuma ya taa ya kuzama darini, ya pili kutoka mlangoni. Springi zake mbili zilikuwa zimeishikilia kwa ulegevu kwenye jipsamu. Nilizima umeme, nikaishusha, nikabandika utepe mwembamba wa sponji kuzunguka ukingo wa pete, nikairudisha. Kisha nikazifanyia hivyo zote sita zilizobaki, maana ya tatu nayo ilianza kukoroma sauti ilipoongezwa.